Staa Anauza Sekunde Tatu, Dereva wa Vigwaza Anataka Betri Isiyochemka

Kuna uongo mtamu unatembea mtandaoni miezi hii, na kama uongo mwingine wote mtamu, ndani yake kuna punje ya ukweli. Unaanza hivi. Staa fulani, jina kapuni, ananunua ndinga ya umeme. Anamweka rafiki yake kiti cha mbele, kamera inawashwa, mguu unakanyagwa hadi chini. Rafiki anapiga yowe, kichwa kinagonga kiti, mshale unafika 100 kwa sekunde tatu na kitu. Chini ya video maneno ni yaleyale: hii ni teknolojia ya Formula E, watoto wa petroli mtuache.

Like zinamiminika. Dalali wa magari, naye hatajwi, anaichukua clip anaiweka kwenye tangazo lake, anauza gari lingine kabisa, la kampuni nyingine, lenye umri wa miaka kumi, kwa maneno yaleyale. Mtoto wa watu aliyekuwa anadunduliza hela ya bajaji anaanza kupiga hesabu upya. Hapo ndipo kiki inapoacha kuwa kiki. Inakuwa mkopo wa mtu.

Video yenyewe inayozungumzwa sana ilichukuliwa barabara ya Morogoro, ukishapita mizani ya Vigwaza. Anayeijua njia ile ameshaanza kucheka. Mlandizi 50, Ruvu unapunguza kwa ajili ya daraja, Vigwaza 50 tena, halafu foleni ya malori yanayosubiri kupimwa uzito, halafu malori ya makontena yanayokata kwenda na kutoka Bandari Kavu ya Kwala, halafu Chamakweza. Katikati ya hapo kuna askari kakaa chini ya mwembe na tochi yake. Gari linaloruka kutoka sifuri hadi 100 kwa sekunde tatu pale Vigwaza lina kazi moja tu: kumfikisha dereva kwenye faini mapema kuliko wenzake.

Na hapa ndipo staa alipowaangusha mashabiki wake. Kabeba kutoka kwenye mashindano kitu kisicho na maana kwao, kakiacha chenye maana.

Formula E, kwa ambaye hajawahi kuitazama, ilianza Septemba 2014 Beijing. Mwanzoni ilikuwa kichekesho kidogo, tusifiche. Betri ilikuwa na uniti 28 hivi, uniti hizihizi za LUKU, na hazikutosha kumaliza mbio. Dereva alikuwa anaingia pembeni katikati ya shindano, anaruka kutoka gari moja, anaingia la pili lililojaa chaji, anaendelea. Wapenda petroli waliichekea sana hiyo picha. Msimu wa 2018/19 likaja gari la kizazi cha pili lenye betri ya uniti 54, mbio nzima gari moja, kicheko kikapungua.

Lakini kinachopita masikioni mwa watu ni namna mshindi anavyopatikana. Formula E haishindwi na anayekanyaga sana. Chaji wanayopewa haitoshi kukanyaga mwanzo hadi mwisho, imepangwa makusudi isitoshe. Kwa hiyo dereva mzuri ni yule anayeachia mafuta mapema kabla ya kona (tuseme mafuta, kiswahili cha barabarani bado hakijapata neno lake kwa hili), anaacha gari litambae, anafunga breki kwa mota na siyo kwa pedi, umeme unarudi kwenye betri. Gari la kizazi cha tatu, lililoanza kukimbia 2023, linaweza kurudisha umeme kwa nguvu ya hadi kilowati 600 likifunga breki, na waandaaji wenyewe wanasema zaidi ya asilimia 40 ya nishati inayotumika kwenye mbio inatokana na breki. Magurudumu ya nyuma hayana hata breki za kawaida za mafuta. Mota ndiyo inayoshika.

Yaani mashindano ambayo staa anayatumia kujisifia kukanyaga, ni mashindano ya watu wabahili. Ubahili ule ndio dhahabu, na Vigwaza ni sehemu nzuri kuliko Monaco kuuthibitisha.

Chukua gari la umeme la kawaida, kilo 1,700 na abiria. Linatoka 80 linashuka 50 kwa sababu ya kibao cha kijiji. Hesabu ya fizikia ya kidato cha pili inasema hapo inapotea nishati ya karibu 0.07 ya uniti moja. Kwenye gari la petroli yote inageuka joto kwenye diski za breki, imekwenda. Kwenye gari la umeme, ikirudi theluthi mbili tu, ni mita kama 300 za safari ulizopewa bure. Mita 300 ni ndogo, ndiyo. Sasa hesabu vibao vya 50 kuanzia Kibaha hadi Chalinze, ongeza matuta, ongeza foleni ya mizani ambapo gari linasogea hatua tano linasimama, linasogea linasimama. Injini ya petroli kwenye foleni ile inanguruma na kula mafuta imesimama. Ya umeme ikisimama imesimama. Inakula taa, redio na kiyoyozi, basi.

Hicho ndicho cha kurekodi. Dakika 40 za foleni Vigwaza na kioo cha gari kinaonyesha chaji imeshuka asilimia ngapi. Ila haina yowe, kwa hiyo hakuna aliyeirekodi.

Wengine watasema basi tuwashukuru Formula E kwa kugundua breki zinazorudisha umeme. Hapana, tusiwavishe kilemba kisicho chao. Treni za umeme zilikuwa zikirudisha umeme kwenye waya tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Toyota Prius ya 1997 ilikuwa nayo, na mtu mwenye Prius au Aqua hapo mtaani ameitumia miaka yote bila kujua inaitwaje. Hata pale pale jirani na Vigwaza, upande wa Ruvu na Kwala, treni ya SGR inapita kwa umeme tangu Juni 2024 ilipoanza safari za Dar hadi Morogoro, na Mchongoko wetu haujawahi kuhudhuria mbio zozote. Mashindano hayakuvumbua. Mashindano yalibana, yalipima, yalilazimisha wahandisi wafanye kwa sekunde kile ambacho ofisini kingechukua vikao vitatu.

Na kuna mahali ambapo kubanwa huko kumefika kweli kwenye gari la kununua. Mfano mzuri kuliko wote hauna kelele. Betri ile ya uniti 54 ya 2018 ilitengenezwa kwa ushirikiano wa McLaren na kampuni ya Marekani iitwayo Atieva, na timu zote zilitumia betri ileile. Atieva ndiyo hiyohiyo Lucid. Mwaka 2021 Lucid wakaleta gari la familia, Lucid Air, ambalo toleo lake la masafa marefu lilipimwa na serikali ya Marekani likapata maili 520 kwa chaji moja, karibu kilomita 837. Dar hadi Dodoma na chenji inabaki. Hayo masafa hayakutokana na kuweka betri kubwa peke yake. Wale watu walikuwa wameshajifunza namna ya kutopoteza.

Wa pili ni Jaguar. Walikuwa na gari lao la umeme, I-Pace, na wakaanzisha mashindano ya magari hayohayo yaliyokuwa yakisindikiza Formula E. Desemba 2019 wakawapa wenye magari ya kawaida programu mpya, bure. Masafa yakaongezeka hadi kilomita 20. Hakuna bolti iliyofunguliwa. Walibadilisha namna mota za mbele na nyuma zinavyogawana kazi, namna breki inavyorudisha umeme, lini mapazia ya rejeta yafungwe ili upepo usilivute gari. Gari lilelile, betri ileile, mmiliki kalala, asubuhi kaamka na kilomita 20 za ziada. Hivi ndivyo mashindano yanavyofika nyumbani: kimyakimya, kama programu. Siyo kama yowe la mtu kwenye kiti cha mbele.

Sasa kuna upande wa pili wa mtandao, nao unastahili makofi na vibao kwa pamoja. Kuna mchambuzi mmoja wa magari, mwenye sauti nzito na chaneli kubwa, huyu naye abaki bila jina, ambaye kila wiki anarudia kwamba mashindano ya umeme ni matangazo matupu na hayajampa mwananchi hata nati. Ushahidi wake anaoupenda ni BMW. Na kweli, BMW walipotangaza mwishoni mwa 2020 kwamba wanaondoka Formula E, sababu waliyotoa ilikuwa kwamba nafasi za kuhamisha teknolojia kutoka mashindano yale kwenda kwenye magari yao zimeshakwisha kimsingi. Audi walitangaza kuondoka kipindi hichohicho. Mercedes walichukua ubingwa mara mbili mfululizo, wakaaga 2022.

Halafu anatoa karata yake ya mwisho: Tesla haijawahi kuwa na timu Formula E, na bado ndiyo iliyowafundisha wazungu kununua gari la umeme. BYD wa China nao wamepanda hadi juu bila kushika bendera ya mbio hizo. Betri zinazoifaa zaidi hali ya kwetu, zile za chuma na fosfeti ambazo BYD walizipigia debe 2020 kwa jina la Blade, hazitoki kwenye mashindano hata kidogo. Ni nzito kwa uniti zilezile, na mtu wa mbio anachukia uzito. Lakini ni rahisi, zinachajiwa mara nyingi bila kuchoka haraka, na haziwaki moto kirahisi. Kwa bajaji inayopiga trip za Mlandizi na Vigwaza kutwa nzima, hizo ndizo sifa.

Kwa hiyo mchambuzi ana hoja? Ana nusu hoja. Anachokosea ni kudhani kwamba BMW kuondoka maana yake hawakupata kitu. Mwanafunzi akimaliza shule anaondoka. Na Audi hawakwenda kulala. Walichukua mota zilezile za Formula E wakazifunga kwenye gari la jangwani, wakaongeza injini ya petroli ambayo kazi yake ni kuchaji betri tu, na Januari 2024 Carlos Sainz, yule baba mtu, akashinda nalo Dakar kule Saudi Arabia. Maelfu ya kilomita za mchanga na mawe. Ukitafuta mashindano yanayofanana na barabara za vumbi za kutoka Vigwaza kuingia vijijini, ni hayo, wala siyo mbio za dakika 45 kwenye lami ya mjini.

Lakini mchambuzi na staa wote wawili wanalikwepa jambo ambalo lingewasaidia wafuasi wao kuliko lolote. Joto.

Betri ni kama mtu wa pwani: inafanya kazi kwenye joto, lakini mtu wa pwani anajua kutafuta kivuli. Betri haijui. Ukiichaji haraka inachemka, ukiikamua inachemka, ukiiacha juani Februari saa nane mchana inachemka imekaa. Ikichemka mara nyingi inazeeka kabla ya siku zake. Kwenye mashindano hili lilijulikana siku ya kwanza, ndiyo maana betri za Formula E zina mfumo wa kupoza kwa kimiminika, na timu zinahangaika na nyuzi joto kama zinavyohangaika na sekunde.

Sasa itazame Nissan. Waliingia Formula E msimu wa 2018/19 wakichukua nafasi ya ndugu zao Renault, na 2025 dereva wao Oliver Rowland akawa bingwa wa dunia. Wanajua joto linafanya nini. Wakati huohuo gari lao la umeme la kuuza, Nissan Leaf, lililokuwa sokoni tangu Desemba 2010, liliendelea miaka na miaka na betri isiyo na mfumo wowote wa kuipoza kwa kimiminika. Mwaka 2012 wenye Leaf kule Arizona, jimbo la joto kali Marekani, walianza kulia kwamba betri zinapoteza uwezo upesi. Kizazi cha pili kilipotoka, 2018 wenye magari Ulaya wakagundua kwamba ukichaji haraka mara mbili au tatu kwenye safari moja, betri inachemka na gari linakataa kuchaji kwa kasi. Kizazi cha kwanza cha Leaf chenye kupozwa kwa kimiminika kimetangazwa 2025. Hesabu mwenyewe: misimu saba kwenye mbio, bingwa wa dunia nyumbani, na mteja wa kawaida ndiyo kwanza anaonjeshwa.

Hii ndiyo hoja ambayo hakuna anayeitaka. Kushinda Jumapili hakumlazimishi mhasibu wa kampuni Jumatatu. Teknolojia inatoka uwanjani na kuingia barabarani pale tu mtu anapokubali kuilipia, au mteja anapokataa kununua bila hiyo. Na mteja wa Afrika Mashariki ni wa kununua kilichotumika Japani, ambako Leaf imejaa, bei yake imeshuka, na kwenye picha inang'aa. Si kwamba haifai. Nairobi kulikuwa na teksi za umeme za Nopea Ride tangu 2018, na magari yao yalikuwa Leaf. Mjini, safari fupi, chaji ya polepole, zilipiga kazi. Lakini Nairobi iko juu, ina ubaridi. Vigwaza iko pwani.

Wapenzi wa Safari Rally watakumbusha kwamba zamani mambo hayakuwa hivi, na wana haki. Tangu 1953 mbio zile zilipokatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, gari lililomaliza Safari lilikuwa limetoa cheti mbele ya macho ya watu. Datsun aliyoendesha Shekhar Mehta akashinda mara nne mfululizo kuanzia 1979, Peugeot 504, Lancer ya Joginder Singh: baba wa mtu alinunua kwa sababu aliliona likitoka kwenye tope. Tope lake, siyo tope la Ulaya. Umeme ulipofika Safari, kuanzia 2022 hadi 2024, ulikuja kama msaidizi: magari makubwa ya WRC yalibeba mota ya kilowati 100 na kibetri cha chini ya uniti nne ndani ya sanduku lililofungwa. Toyota walichukua nafasi nne za kwanza Naivasha 2022, wakarudia 2023. Vumbi na mito haikuwazuia. Halafu 2025 FIA wakaliondoa lile sanduku, gharama na uzito vikatajwa, mbio zikarudi kwenye injini peke yake.

Kwa hiyo cheti cha umeme kwenye tope letu bado hakijatolewa na mashindano. Kinatolewa na watu wasiopewa vikombe. Land Cruiser za watalii zilizong'olewa injini zikafungwa mota, zinazotembea mbugani kimya tembo hata hageuki. Vijana wa Roam kule Nairobi, walioanza 2017 kwa jina la Opibus, wakihangaika na pikipiki inayobeba watu wawili na gunia. Fundi wa bajaji anayefungua boksi la betri chini ya mti na kukuta maji ya mvua yameingia. Hao staa hajawahi kuwarekodi.

Na ndiyo maana maneno "teknolojia ya Formula E" kwenye tangazo la dalali yanatakiwa kuchukuliwa kama mwaliko wa kumuuliza maswali hadi ajute kuyaandika. Betri inapozwa kwa nini, maji au upepo wa bahati nasibu? Ni ya aina gani, ile nzito isiyochoka au ile nyepesi? Kwenye Leaf kuna vijiti 12 vidogo pembeni ya geji ya chaji vinavyoonyesha afya ya betri, vimebaki vingapi? Maana chaji inaweza kusoma asilimia 100 huku betri yenyewe imebaki nusu mtu, kama ndoo iliyojaa maji lakini nusu yake ni zege. Kuna programu ya simu na kidude cha kuchomeka chini ya usukani vinavyosoma yote haya kwa dakika tano. Muuzaji mwenye gari zima atakuachia uchomeke. Gari limekaa juani yadi kwa miezi mingapi? Likifika Vigwaza na asilimia 15 saa tatu usiku, linachajiwa wapi, kwa nani, kwa waya gani?

Kijana mmoja, wa palepale Vigwaza, anayeuza vocha na chipsi jirani na foleni ya malori, alimtumia dalali swali hilo la vijiti kwenye inbox baada ya kuona tangazo. Swali moja, maneno sita. Dalali aliweka emoji ya moto, akamtumia tena ile clip ya sekunde tatu.